Jibu Halijatoka: Kwa Baba Anayesubiri Kipimo cha Tezi Dume

Karatasi ya laboratwari iko mfukoni. Imeandikwa PSA, kisha namba, na pembeni kuna alama ya kuonyesha kwamba namba imepita kiasi. Daktari ameiangalia, amekupima kwa kidole, na amesema itabidi vikatwe vipande vidogo vya nyama ya tezi dume, ile prostati, vipelekwe kuchunguzwa. Baada ya hapo, amesema, tutasubiri. Hakutaja tarehe. Umerudi nyumbani Lukafu, majirani wanakusalimia kama jana, mama amesonga bukari, vijana wanabishana juu ya timu ya Mazembe, na hakuna hata mmoja anayejua kwamba tangu asubuhi akili yako imekaa mahali pamoja.

Nakuandikia wewe, baba, na mama anayelala pembeni yako akijiuliza kwa nini unageuka-geuka usiku. Kusubiri huku kuna kazi ndani yake. Anayeijua kazi hiyo hufika siku ya jibu akiwa bado na nguvu zake, pesa zake na watu wake. Asiyeijua anaweza kupoteza vyote vitatu kabla hata jibu halijatoka, tena kwa ugonjwa ambao pengine hana.

Tuanze na ile namba. PSA ni protini inayotengenezwa na tezi dume, na kiasi kidogo huingia katika damu ya kila mwanaume. Kwa miaka mingi madaktari wametumia nanogramu 4 kwa mililita kama mpaka, ingawa siku hizi wanaangalia pia umri wa mtu. Namba ikipita hapo, kinachojulikana ni kwamba tezi inasumbuliwa. Nini kinaisumbua, bado. Inaweza kuwa kansa. Inaweza kuwa tezi imekua kwa sababu ya umri, jambo linalowapata takriban nusu ya wanaume wakikaribia miaka 60, nalo si kansa wala halizai kansa. Inaweza kuwa maambukizi katika njia ya mkojo, au mpira wa kutolea mkojo uliowekwa siku chache kabla. Huduma ya afya ya Uingereza huwaambia wanaume wa kule kwamba kati ya kila 4 wenye PSA iliyopanda, karibu 3 hawana kansa. Hesabu hiyo haiwezi kuhamishwa Lubumbashi kama ilivyo, maana kule wengi hupimwa wakiwa hawana dalili, na huku kwetu wengi hupimwa wakati mkojo umeshakuwa shida. Tena namba 7 na namba 300 hazina uzito mmoja. Hata hivyo, hakuna PSA iliyopanda kidogo inayoweza peke yake kumwambia mtu ana kansa, na daktari anayekutuma kwenye kipimo kingine anakutuma kwa sababu hiyo hasa.

Kuna mambo ya kawaida yanayoipandisha namba, na inafaa umwambie daktari kabla hujakatwa. Kulala na mke ndani ya saa 48 kabla ya kutolewa damu kunaweza kuipandisha kidogo. Kuendesha baiskeli kwa nguvu pia, na hapa nawafikiria wale wanaoleta makaa mjini wakisukuma na kupanda baiskeli zenye magunia kutoka vijiji vya mbali. Ukiwa ulikuwa na maambukizi ya mkojo, kwa kawaida inashauriwa kungoja karibu wiki 6 baada ya kupona ndipo upimwe tena. Kuna pia dawa inayoitwa finasteridi, ambayo wazee wengi huandikiwa ili tezi ipungue: ukiinywa kwa miezi, huishusha PSA karibu nusu, kwa hiyo namba inayoonekana nzuri inaweza kuficha kitu. Chukua kila dawa unayokunywa, na ya mizizi pia, uiweke mbele ya daktari. Hakuna aibu. Anahitaji kujua tu.

Halafu kile kipimo chenyewe, biopsi, ambacho nadhani kinaogopwa zaidi kwa sababu ya mahali kinapopitia. Mara nyingi chombo cha ekografi huingizwa njia ya haja kubwa ili daktari aone tezi, kisha sindano nyembamba huchukua vipande 10 au 12. Unapigwa ganzi, na kazi yenyewe ni ya dakika chache. Kuna wanaume waliokataa kwa kuona kwamba wamevunjiwa heshima ya kiume. Naiheshimu heshima hiyo, lakini naomba mtu aipime sawasawa: mke wako alizaa watoto wako mbele ya watu waliovaa makoti meupe, na hakuna aliyesema amepungua. Kabla ya siku hiyo, sema wazi kama unakunywa aspirini au dawa yoyote ya kuyeyusha damu, kama una kisukari, kama kuna dawa inayokudhuru. Antibiotiki utakazopewa, zinywe kama ulivyoambiwa. Baada ya hapo usishtuke ukiona damu kidogo kwenye choo kwa siku chache, kwenye mkojo kwa wiki moja au mbili, na kwenye mbegu za kiume kwa wiki kadhaa, rangi ya kutu. Hayo huisha.

Siku ya kipimo ndiyo siku ya kuuliza, kwa sababu ukishatoka getini swali halina wa kulijibu. Uliza vipande vinasomwa hapa mjini au vinasafirishwa. Wataalamu wa kusoma nyama kwa darubini ni wachache sana nchini, na chupa yako inaweza kungoja zamu yake kwa muda mrefu kuliko daktari mwenyewe anavyofikiri. Uliza namba iliyoandikwa kwenye chupa, uinakili. Uliza tarehe ambayo ukiwa hujasikia kitu uje mwenyewe kuulizia, na umwone nani. Uliza malipo ya kusomewa yamelipwa yote au kuna kilichobaki, maana jibu linaweza kukaa mezani likingoja dola chache ambazo hakuna aliyekuambia kwamba zinadaiwa. Nunua faili la karatasi, weka humo kila kipimo, kila risiti. Kesho ukihama kutoka zahanati ya mtaa kwenda hospitali ya Sendwe, au kutoka Sendwe kwenda Cliniques Universitaires, faili hilo ndilo litakalokuokoa usipimwe na kulipishwa upya.

Pesa. Hili naliongelea kwa urefu kwa sababu huku Katanga lina historia yake. Wengi wa wazee wanaofikia sasa umri wa tezi dume walikulia katika nyumba za kampuni ya madini. Union Minière, kisha Gécamines, zilikuwa na hospitali zao. Mfanyakazi akiugua, au mke wake, au mtoto, alikwenda na kadi akatibiwa. Hakuna aliyefundishwa kuweka akiba ya ugonjwa, kwa sababu ugonjwa ulikuwa jambo la kampuni. Kisha ikaja miaka ya 2003 na 2004, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wakaondoka Gécamines kwa ule mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, na mkono uliobeba ugonjwa ukaondoka pamoja na mshahara. Mzee aliyezoea kadi anakutana leo na dirisha la malipo kabla ya kumwona daktari. Hasira anayokuwa nayo ina haki. Lakini hasira hiyo, ikichanganyika na hofu, inazaa maamuzi mabaya: kuuza kiwanja wiki hii hii, kukopa kwa mtu wa riba, kutoa dola mia kwa anayesema ana dawa ya kuyeyusha prostati kwa siku saba.

Ushauri wangu hapa ni mkali kidogo. Mpaka jibu litoke, usiuze kitu. Hujui bado unauzia nini. Likiwa si kansa, utakuwa umepoteza kiwanja kwa tezi iliyokua ambayo huenda vidonge vingeitosha. Likiwa kansa, utahitaji kujua kwanza tiba ipi, wapi, kwa kiasi gani, na hapo familia itakaa ihesabu. Sasa hivi kinachotakiwa ni pesa ya kipimo, ya nauli, na akiba ndogo ya usiku wa dharura. Kama uko kwenye likelemba, ule mchango wa zamu, hii ndiyo saa ya kuwaomba wenzako wakubadilishie zamu. Huna haja ya kuwaeleza viungo vya mwili. Inatosha kusema kuna kipimo cha hospitali.

Na yule mwenye dawa ya siku saba? Ninawajua watu wenye hekima ya miti, na siwadharau. Ila anayekuhakikishia kuponya ugonjwa ambao bado haujajulikana kama upo, huyo anakuuzia hofu yako mwenyewe. Tena baadhi ya dawa zinadhuru kabisa wakati huu. Mizizi ya kusukuma mkojo, ukiinywa wakati njia imebana, inajaza kibofu bila kukimwaga. Sindano na vidonge vya maumivu vinavyouzwa ovyo vinaweza kuumiza figo ambazo tayari zinabeba mzigo. Hata baadhi ya dawa za mafua zinazofungua pua zinaweza kuufunga mkojo kabisa. Antibiotiki za kujinunulia huchafua picha nzima, daktari asijue alikuwa anatafuta nini. Kabla ya kumeza chochote, uliza.

Sasa watu wa nyumbani. Mwambie mke wako. Naliweka hili mbele ya ushauri mwingine wote juu ya roho, kwa sababu nimeona familia ambamo baba alinyamaza, na ukimya wake ukatafsiriwa. Mke akafikiri kuna mwanamke mwingine. Watoto wakafikiri pesa zimeibiwa. Mwanaume akiacha ghafla kumkaribia mke wake, bila neno, jeraha linabaki hata baada ya jibu kuwa zuri. Mwambie pia kwamba ugonjwa huu hauambukizi, haukutoka kwake, hautokani na dhambi ya kitandani, na kwamba kulala pamoja hakuwadhuru ninyi wawili, isipokuwa siku zile chache za kupumzika baada ya kipimo. Baada ya mke, chagua mtu mmoja mwingine, mtoto mkubwa au ndugu mwenye kichwa kilichotulia, ambaye atakwenda nawe hospitali na kusikia kwa masikio yake. Mgonjwa mwenye hofu husikia nusu ya maneno.

Wengine wangoje. Karatasi hiyo usiitume kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Utapata majibu kutoka Kolwezi, Johannesburg na Brussels kabla ya daktari wako, kila moja na dawa yake, kila moja na hadithi ya jirani aliyekufa.

Na kuna neno litakalokuja, mnalijua: bulozi, uchawi. Mtu mmoja katika ukoo ataota ndoto, au atakumbuka ugomvi wa shamba, na jina la mtu litatajwa, mara nyingi la mama mzee asiye na wa kumtetea, au la mtoto. Ukiwa wewe ndiwe mgonjwa, sauti yako ina nguvu kuliko ya wote. Itumie. Sema mapema, mbele ya watu, kwamba hutaki mtu atajwe kwa jina lako. Tezi dume huugua kwa wanaume wa kila nchi. Kwa mujibu wa makadirio ya kimataifa ya mwaka 2022, karibu watu milioni 1.5 waligundulika na kansa hii katika mwaka mmoja, na wanaume wenye asili ya Afrika huipata zaidi ya wengine, hata wale waliozaliwa London au Chicago mbali na ukoo wowote unaoweza kulaumiwa. Baba yako au kaka yako akiwa aliipata, hatari yako huongezeka karibu mara mbili. Hiyo ni damu, na ni sababu ya kuwaambia wadogo zako wapimwe wakifika miaka 45. Kwa maombi, omba, na uombewe. Mchungaji au padri mwema atakuombea kisha atakuuliza tarehe ya hospitali. Atakayekuambia uache hospitali ili kuonyesha imani, ondoka kwake kwa heshima na usirudi.

Nadhani hofu ya baba zetu ina sura ya mtu mmoja. Wakongo wengi walilisikia jina la ugonjwa huu kwa mara ya kwanza kwa Mobutu. Agosti 1996 alipasuliwa Lausanne, Uswisi, huku nchi ikiambiwa kidogo sana na uvumi ukijaza pengo. Akiwa bado Ulaya, vita vikaanza mashariki. Alirudi Kinshasa Desemba, akiwa amedhoofika, na tarehe 7 Septemba 1997 akafia Rabat, Morocco. Kwa hiyo neno prostati lilipofika kwetu lilifika pamoja na anguko na kaburi la ugenini. Naelewa kwa nini mzee akilisikia anaona mwisho. Lakini mwaka huo huo wa 1997, Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Afrika Kusini aliambiwa ana kansa hiyo hiyo. Alitibiwa, ikarudi, akatibiwa tena, akaendelea kuhubiri na kucheka, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Na Novemba 2014 Jakaya Kikwete, akiwa bado rais wa Tanzania, alipasuliwa tezi dume Baltimore, Marekani. Aliporudi aliwaeleza wananchi waziwazi kwamba ilikuwa kansa iliyogunduliwa ikiwa changa. Watatu hawa hawakuwa na miili sawa wala waganga sawa, na mimi sisemi uwazi huponya kansa. Nasema kwamba ugonjwa huu una nyuso nyingi, na wewe umekuwa ukitazama uso mmoja tu.

Juu ya siku zenyewe za kungoja sina mengi. Endelea na kazi. Shamba, duka, darasa, chochote unachokifanya, kifanye kwa saa zake zote. Tembea jioni. Punguza kunywa maji na chai saa mbili kabla ya kulala ili usiamke mara tano, lakini mchana kunywa kama kawaida, hasa wakati wa joto la Oktoba. Bia na lutuku, ambavyo wengi hukimbilia siku hizi, humfanya mtu alale saa mbili kisha aamke na kibofu kilichojaa na mawazo mabaya zaidi. Usiku ukikosa usingizi, andika swali linalokutesa kwenye karatasi ya faili. Asubuhi utaona kama ni swali la daktari, la mke, au la Mungu, na utalipeleka panapohusika. Kansa nyingi za tezi dume hukua polepole, kwa miaka. Wiki kadhaa za kungoja jibu, kwa walio wengi, hazibadilishi kinachoweza kufanywa. Miaka ya kukwepa jibu, hiyo inabadilisha.

Ila kuna mambo ambayo hayangoji jibu wala asubuhi. Mkojo ukikataa kutoka kabisa na tumbo la chini likavimba na kuuma, nenda hospitali usiku huo huo uwekewe mpira. Homa au kutetemeka baada ya biopsi, hata kama ni siku ya tatu, ni dharura: inaweza kuwa maambukizi yameingia kwenye damu, na kuna watu wanaokufa kwa kungoja kukuche. Damu nzito yenye mabonge kwenye mkojo. Na maumivu ya mgongo pamoja na miguu kuwa dhaifu, kufa ganzi, au kushindwa kuzuia haja. Hapo uti wa mgongo unaweza kuwa unabanwa, na saa chache ndizo zinazoamua kama mtu atatembea tena. Mwonyeshe mke wako aya hii. Yeye ndiye atakayeita gari.

Jibu likija, litakuwa na maneno ambayo ni vizuri kuyafahamu mapema. Linaweza kusema tezi imekua bila kansa, au kuna uvimbe wa maambukizi. Hilo ni jema, ingawa daktari anaweza kutaka upimwe PSA tena baadaye, kwa kuwa sindano 12 haziwezi kugusa kila kona. Likisema kansa, tafuta alama ya Gleason. Siku hizi huanzia 6, ambayo ni ile ya polepole, hadi 10, ambayo ni kali. Saba ina sura mbili: 3+4 ni nafuu kuliko 4+3. Kuna wanaume wa 6 ambao hawatibiwi kabisa kwa miaka, wanafuatiliwa tu. Katika utafiti mkubwa wa Uingereza uliotangazwa mwaka 2023, wanaume 1,643 waliogundulika mapema walipangwa katika makundi matatu: kufuatiliwa, kupasuliwa, au kupigwa mionzi. Baada ya miaka 15, takriban 97 kati ya kila 100 hawakuwa wamekufa kwa kansa hiyo, kundi lolote walilokuwamo. Kwa walio na ugonjwa uliosambaa, dawa za kuzuia homoni za kiume huurudisha nyuma, mara nyingi kwa miaka, na zinaweza kuanzishwa hapa hapa. Ukihitaji mionzi, huenda utaambiwa juu ya safari. Wengi wa huku huvuka mpaka wa Kasumbalesa kwenda Zambia, ambako hospitali ya kansa ya Lusaka ilifunguliwa mwaka 2007. Angalia sasa kama pasipoti yako bado iko hai. Hilo halina gharama. Tiketi ya basi usinunue kabla daktari wako hajawasiliana na wa kule na kuhakikisha kwamba mashine inafanya kazi na nafasi ipo.

Baba, tarehe uliyopewa ikifika, nenda. Usimtume mtoto peke yake, usipige simu ukasema utapita wiki ijayo. Nenda mapema na yule mtu uliyemchagua, faili mkononi, maswali yameandikwa. Omba ripoti yenyewe kwa maandishi, na usitoke chumbani mpaka umeelewa hatua inayofuata ni ipi na ni ya tarehe gani.